Kanuni Zinazobadilika: Istilahi za Kuzitenga na Programu za Kompyuta

1. Utangulizi

Taasisi kubwa za siku hizi, ziwe za serikali, za ushirika au za watu binafsi, huendesha shughuli zake kwa programu za kompyuta. Mishahara hukokotolewa humo, kodi hukatwa humo, ankara za maji na umeme huandikwa humo, na mafao ya wastaafu hutolewa kwa hesabu zinazofanywa humo. Programu hizo hutengenezwa kwa gharama kubwa na hutarajiwa kudumu miaka mingi. Lakini amri zinazoziongoza hazidumu. Bunge hubadili kiwango cha kodi, waziri hutoa kanuni mpya, bodi hupunguza riba. Na kila badiliko huitaka programu nayo ibadilike, aghalabu kwa tarehe ambayo imekwisha kutangazwa kwa umma.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi kanuni hizo zinavyoweza kutengwa na programu ili ziwe rahisi kubadilishwa, na kupendekeza istilahi za kutumia katika kazi hiyo. Hatuyaandiki kwa ajili ya mafundi wa kompyuta peke yao. Tunawaandikia wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, kwa sababu hoja yetu ni hii: kanuni huwa rahisi kubadilishwa pale tu mwenye kanuni anapoweza kuisoma mwenyewe kama ilivyoandikwa ndani ya kompyuta. Naye hawezi kuisoma iwapo haikuandikwa kwa maneno anayoyajua, ambayo maana zake zimekubaliwa. Nusu ya kazi, basi, ni ya fundi. Nusu ya pili ni ya watu wa lugha.

2. Sheria, kanuni, na kanuni ya shughuli

Kwanza hapana budi kutenganisha maneno yanayokaribiana. Katika lugha ya serikali, sheria hutungwa na Bunge, na kanuni hutungwa na waziri kwa mamlaka aliyopewa na sheria. Wataalamu wa kompyuta nao wana neno lao kwa kila agizo linaloiambia programu nini kiruhusiwe, nini kikataliwe na hesabu ipi ifanywe. Katika lugha za kigeni neno hilo limejengwa juu ya dhana ya biashara, na wafasiri wetu wengi wamelifuata na kusema «kanuni za biashara». Tafsiri hiyo inapotosha. Hospitali ya wilaya inayosema kwamba mtoto wa chini ya umri fulani hatozwi ada haifanyi biashara. Wala mfuko wa pensheni unapomhesabia mstaafu haki yake haufanyi biashara. Tunapendekeza «kanuni ya shughuli», na pale ambapo makala au waraka hauzungumzii kanuni za waziri, neno «kanuni» peke yake litatosha.

Jambo hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2021, Bunge la Tanzania lilipofanya marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Zamani fundi wa programu aliisoma sheria kwa Kiingereza na kuiandika kanuni kwa lugha ya kompyuta, na Kiswahili kiliingia mwishoni tu, katika tangazo la mteja. Kadiri sheria zinavyoandikwa kwa Kiswahili, ndivyo Kiswahili kinavyokuwa chanzo cha kanuni yenyewe. Utata wowote wa neno letu utapita moja kwa moja hadi kwenye hesabu ya fedha za mtu.

3. Mfano wa kikokotoo

Hakuna mfano unaojulikana zaidi kwa msomaji wa Tanzania kuliko kikokotoo cha pensheni. Neno lenyewe linatokana na kitenzi «kukokotoa», na hapo awali lilikuwa jina la chombo cha kupigia hesabu. Wananchi ndio waliolipa maana ya pili, yaani utaratibu wote wa kukokotoa mafao ya mstaafu. Maana hiyo imekubalika, na hatuoni sababu ya kuipinga.

Kabla ya mwaka 2018 mifuko ya pensheni ilikuwa kadhaa, na vikokotoo vyake vilitofautiana. Wanachama wa baadhi ya mifuko walistahili kulipwa kwa mkupuo asilimia 50, na wa mifuko mingine asilimia 25. Mwaka 2018 mifuko iliunganishwa, na kanuni mpya zikaweka asilimia 25 kwa wote. Malalamiko yakawa mengi, na Desemba 2018 Rais John Magufuli akaagiza vikokotoo vya zamani viendelee kutumika hadi 2023. Kuanzia tarehe 1 Julai 2022 kikaanza kutumika kikokotoo kimoja chenye mkupuo wa asilimia 33. Kisha, katika bajeti iliyosomwa Juni 2024, Serikali ikatangaza asilimia 40 kwa wale ambao zamani walikuwa katika kundi la asilimia 50, na asilimia 35 kwa wale waliokuwa katika kundi la asilimia 25.

Tuangalie hesabu yenyewe. Kikokotoo cha 2022 huchukua wastani wa mshahara wa mwaka, hukizidisha kwa idadi ya miezi aliyochangia mwanachama, na kugawanya kwa 580. Hiyo ndiyo pensheni ya mwaka. Sehemu ya mkupuo huzidishwa kwa 12.5, na sehemu inayobaki hugawanywa kwa 12 kuwa malipo ya kila mwezi. Mtumishi aliyechangia miezi 360, mwenye wastani wa mshahara wa shilingi 12,000,000 kwa mwaka, atapata pensheni ya mwaka ya shilingi 7,448,276 hivi. Kwa asilimia 33 mkupuo wake ni takriban shilingi 30,724,000, na malipo ya mwezi ni takriban 415,900. Kwa asilimia 40 mkupuo ni takriban 37,241,000, na malipo ya mwezi ni takriban 372,400. Tofauti ya mkupuo yazidi shilingi milioni sita. Kwa hiyo programu iliyochelewa kubadilishwa, au iliyobadilishwa nusu nusu, haileti usumbufu wa ofisini tu. Humfikisha mzee nyumbani na fedha zisizo haki yake, pungufu au zaidi.

Msomaji azingatie pia kwamba mabadiliko hayo hayakuwa ya aina moja. Kutoka asilimia 25 kwenda 33 kwa watu wote, ni tarakimu moja tu iliyobadilika. Lakini mwaka 2024 liliongezwa swali jipya: mwanachama huyu zamani alikuwa katika kundi gani? Badiliko la kwanza ni la kima. La pili ni la sharti. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa yote yanayofuata.

4. Kanuni zilizozikwa

Tuseme fundi ameandika programu ya mfuko wa kufikirika. Mahali pa kukokotoa mkupuo ameandika 0.33. Mahali pa kuchapisha barua ya mstaafu ameandika tena 0.33. Katika taarifa ya mwaka, na katika ukurasa ambao mwanachama hujikadiria mafao, 0.33 imeandikwa tena na tena. Kanuni hiyo tunaiita «kanuni iliyozikwa»: ipo, inafanya kazi, lakini haionekani kwa mwenye nayo. Mkurugenzi wa mafao hawezi kuithibitisha, mkaguzi hawezi kuiona, na siku ya kubadilisha fundi hana budi kuifukua kila mahali. Akisahau mahali pamoja, barua itasema hivi na benki italipa vile.

Ubaya huu ulitambuliwa mapema. Mwaka 1972 mtaalamu David Parnas alieleza kwamba programu igawanywe katika sehemu kwa kuangalia ni uamuzi upi unaoelekea kubadilika, na kila uamuzi wa namna hiyo uwekwe katika sehemu yake peke yake. Kwa maneno mepesi, kinachobadilika kisichanganywe na kisichobadilika. Njia ya kumpata mwanachama katika hifadhidata, kuchapisha barua yake na kupeleka malipo yake benki hukaa miaka mingi. Asilimia ya mkupuo haikai. Viwili hivyo havipaswi kuandikwa pamoja.

5. Njia tatu za kuitenga kanuni

Njia ya kwanza ni jedwali la vima. Kila thamani iliyowekwa na mwenye mamlaka, kama vile 580, 12.5 na asilimia ya mkupuo, huandikwa mara moja tu katika jedwali, pamoja na jina lake, na programu huisoma kutoka hapo. Wengi wameiita thamani ya namna hii «kigezo». Sisi tunaona kwamba neno hilo limekwisha kupata kazi nyingine: kila anayesikiliza redio anaujua usemi «vigezo na masharti kuzingatiwa», na humo kigezo ni sifa ambayo mtu hupimwa kwayo. Lakini Kiswahili kina neno «kima», ambalo katika «kima cha chini cha mshahara» lina maana hasa tunayoitaka, yaani kiasi kilichowekwa kwa amri. Twapendekeza litumike hapa.

Jedwali la vima hutosha pale tarakimu tu inapobadilika. Sharti likiongezwa, kama ilivyokuwa 2024, hutakiwa njia ya pili, nayo ni jedwali la maamuzi. Majedwali ya namna hii yalianza kutumiwa katika kazi za kompyuta huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 2015 shirika la Object Management Group lilitoa kiwango cha kimataifa cha kuyaandika. Kila mstari wa jedwali ni kanuni moja. Upande mmoja huwa na masharti, na upande wa pili huwa na matokeo. Kwa mfano wetu:

Mstari wa 1: kundi la zamani ni asilimia 50, mkupuo ni asilimia 40.
Mstari wa 2: kundi la zamani ni asilimia 25, mkupuo ni asilimia 35.

Mtumishi asiyejua lugha yoyote ya kompyuta aweza kuyasoma hayo na kusema kama ni sahihi au si sahihi. Zaidi ya hayo, jedwali hufichua maswali. Aliyeajiriwa kwa mara ya kwanza baada ya mifuko kuunganishwa yumo katika mstari upi? Aliyechangia katika makundi yote mawili je? Kanuni ya waziri yaweza kuwa na majibu. Kazi ya jedwali ni kuhakikisha kwamba majibu hayo yameandikwa kabla ya programu kuanza kulipa. Jedwali ambalo kuna hali isiyoingia katika mstari wowote lina «pengo», na lile ambalo hali moja huingia katika mistari miwili yenye matokeo tofauti lina «mgongano». Kompyuta yenyewe yaweza kuyatafuta mapengo na migongano hiyo. Pale ambapo mistari miwili imeruhusiwa kwa makusudi, hapana budi jedwali liseme wazi ni upi utakaofuatwa, kwa mfano ule wa kwanza.

Njia ya tatu hufaa pale kanuni zinapokuwa mamia au maelfu na zinategemeana, kama katika bima au ushuru wa forodha. Hapo kanuni huandikwa moja moja kwa muundo wa «ikiwa … basi …», na programu maalumu huzilinganisha na habari zilizopo ili kuona ni zipi zinazohusika. Mtaalamu Charles Forgy, katika tasnifu yake ya mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, alionyesha njia ya kufanya ulinganishaji huo bila kuzipitia kanuni zote upya kila mara, na njia hiyo imekuwa msingi wa programu nyingi za aina hii. Twaziita «injini za kanuni». Neno «injini» limeenea, nalo linaeleza vizuri kwamba chombo ni kimoja na kanuni ndizo zinazotiwa humo.

Mfasiri asidhani kwamba njia ya tatu ni bora kwa kuwa ni ya mwisho. Ofisi yenye vima kumi haihitaji injini. Kanuni nyingi zinazotegemeana zaweza kuwa ngumu kufuatwa kuliko programu ya kawaida, na hapo ule usomekaji tuliokuwa tukiutafuta hupotea.

6. Tarehe ya kuanza kutumika

Kubadilisha kanuni si kufuta ya zamani na kuandika mpya. Mfano mzuri ni wa Kenya. Kodi ya ongezeko la thamani, iliyokuwa asilimia 16, ilipunguzwa kuwa asilimia 14 kuanzia tarehe 1 Aprili 2020 wakati wa janga la korona, ikarudishwa kuwa asilimia 16 tarehe 1 Januari 2021. Duka lililofuta 16 na kuandika 14 liliweza kutoza kodi ya Aprili vizuri. Lakini mteja aliyerudisha Mei bidhaa ya shilingi 10,000 aliyoinunua Februari alikuwa amelipa kodi ya shilingi 1,600, si 1,400. Programu isiyokumbuka kiwango cha Februari isingeweza kumrudishia haki yake.

Kwa hiyo kila kima na kila mstari wa jedwali uwe na tarehe mbili, ya kuanza na ya kukoma kutumika, na za zamani zisifutwe. Kanuni mpya yaweza kuandikwa wiki kadhaa mapema, ikakaguliwa, na kuanza yenyewe siku yake itakapofika.

Hata hivyo tarehe peke yake haitoshi, maana lazima ielezwe ni tarehe ya tukio gani. Bidhaa iliyoagizwa Machi, ikalipiwa Machi na kufika Aprili itatozwa kiwango kipi? Sheria ya Kenya ya 2013 huhesabu wakati wa mauzo kwa tukio linalotangulia miongoni mwa matukio iliyoyataja, yakiwamo kufikishwa kwa bidhaa, kutolewa kwa ankara na kupokelewa kwa malipo. Mfasiri anayeandika «tarehe ya mauzo» bila kufafanua huwa amemwachia fundi kutunga sheria.

7. Maneno yenye mitego

Yafuatayo ni maneno ya kawaida ambayo katika mazungumzo hayaleti shida, lakini katika kanuni huleta.

«Chini ya» na «zaidi ya»: mwaka wa fedha 2020/21 kiasi cha mshahara wa mwezi usiokatwa kodi Tanzania Bara kilipandishwa kutoka shilingi 170,000 hadi 270,000. Jedwali lenye mstari wa «chini ya 270,000» na mwingine wa «zaidi ya 270,000» lina pengo, kwa kuwa anayepata 270,000 kamili hayumo popote. Iandikwe «usiozidi 270,000» na «unaozidi 270,000».

«Hadi»: je, «hadi tarehe 31 Desemba» ni pamoja na tarehe hiyo yenyewe? Iandikwe «hadi mwisho wa tarehe 31 Desemba».

«Au»: kanuni isemayo «alipwe mjane au mtoto» haielezi kama wote wawili waweza kulipwa. Iandikwe «mmoja wao tu» au «mmoja wao au wote».

«Siku»: ielezwe kama ni siku za kazi au siku zote za kalenda. Tena, katika hesabu yetu ya jadi siku huanza jua linapokuchwa, na usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa. Kompyuta huanza siku saa sita usiku. Waraka usemao kwamba huduma itafungwa usiku wa Ijumaa waweza kueleweka kwa namna mbili zinazopishana siku nzima.

«Mwaka»: mwaka wa fedha wa Serikali Tanzania, Kenya na Uganda huanza tarehe 1 Julai, wa kalenda huanza tarehe 1 Januari. Neno lisiachwe peke yake.

«Mshahara»: ni wa msingi, au pamoja na posho? Kabla ya makato, au baada yake? Hakuna jedwali litakaloponya kanuni ambayo neno lake kuu halikufafanuliwa.

8. Tahadhari

Kilicho rahisi kubadilishwa ni rahisi pia kuharibiwa. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya Knight Capital ya Marekani, iliyokuwa ikinunua na kuuza hisa kwa kompyuta, ilianza kutumia programu mpya ambayo ilikuwa imewekwa katika kompyuta saba kati ya nane. Ile ya nane iliamsha sehemu ya programu ya zamani, na katika muda wa dakika 45 hivi kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 400. Hapakukosekana wepesi wa kubadilisha. Kilichokosekana ni uhakiki.

Kwa hiyo kanuni iliyotengwa na programu ihifadhiwe kama waraka wa serikali unavyohifadhiwa. Ajulikane aliyeiandika na aliyeiidhinisha, nao wasiwe mtu mmoja. Itajwe sheria au waraka ulioiagiza. Ijaribiwe kwa mifano ambayo majibu yake yamekwisha kukokotolewa kwa mkono, kama tulivyofanya kwa mtumishi wa miezi 360. Matoleo yote ya zamani yatunzwe, ili miaka kumi baadaye mstaafu akiuliza kwa nini alilipwa kiasi fulani, apewe jibu.

9. Istilahi zinazopendekezwa

Kanuni ya shughuli: agizo linaloeleza nini kiruhusiwe, kikataliwe au kikokotolewe katika shughuli za taasisi.
Kanuni iliyozikwa: kanuni iliyoandikwa ndani ya programu hata mwenye nayo asiweze kuisoma.
Kikokotoo: utaratibu mzima wa kukokotoa kiasi fulani.
Kima (wingi: vima): thamani iliyowekwa na mwenye mamlaka na kutumiwa katika kikokotoo.
Sharti: hali inayopaswa kuwapo ili kanuni ihusike.
Jedwali la maamuzi: jedwali ambalo kila mstari wake ni kanuni yenye masharti na matokeo.
Pengo: hali isiyoingia katika mstari wowote wa jedwali.
Mgongano: hali inayoingia katika mistari miwili yenye matokeo tofauti.
Injini ya kanuni: programu inayolinganisha kanuni nyingi na habari zilizopo na kutekeleza zinazohusika.
Mwenye kanuni: ofisi yenye mamlaka ya kuiweka na kuibadili kanuni.

Istilahi ya mwisho ndiyo tunayoisisitiza. Mwenye kanuni si fundi wa kompyuta. Ni mkurugenzi wa mafao, kamishna wa kodi, mhasibu mkuu, au waziri. Wafasiri wanapoandaa kanuni, na walimu wanapofundisha uandishi wa nyaraka, wajiulize kama ofisa huyo, akiletewa jedwali lililoandikwa kwa maneno yao, ataweza kulisoma mstari kwa mstari na kutia sahihi yake akijua anachokiidhinisha. Akiweza, badiliko lijalo litakuwa kazi ya siku chache. Asipoweza, litarudi mikononi mwa fundi, naye atalazimika kukisia.